Pebble, saa iliyokubali kuwa msaidizi wa simu

Njia ya saa ya Pebble inaanzia Uholanzi, katika mji wa Delft, mwaka 2008. Eric Migicovsky, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Kanada, alikuwa huko akisoma kwa muda. Delft ni mji wa baiskeli. Simu inalia mfukoni na mikono yote miwili imeshika usukani: kuitoa ni kujitafutia ajali, kuiacha ni kubaki na wasiwasi wa nani anapiga. Ndipo alipoanza kuwaza kifaa cha kuvaa mkononi ambacho kingemwambia tu ni nani, mengine yangesubiri.

Waliomtangulia walikuwa na hamu kubwa zaidi. Mwaka 2000 IBM walionyesha saa iliyoendeshwa na Linux. Mwaka 2004 Microsoft wakaingiza sokoni saa zilizopokea habari na hali ya hewa kwa mawimbi ya redio ya FM. Wote walitaka saa iwe kompyuta ndogo au chumba cha habari. Migicovsky alitaka kidogo, na naamini udogo huo wa matakwa ndio uliomfikisha mbali.

Aliporudi Kanada, katika mji wa Waterloo, alitengeneza saa iliyoitwa inPulse. Ilifanya kazi na BlackBerry, simu iliyozaliwa mji huohuo. Kioo chake kiling'aa kwa rangi lakini kilikula betri, na wateja nao walikuwa wameanza kuhamia iPhone na Android. Akahamia California. Wawekezaji hawakuwa na moyo wa kutia fedha kwenye saa, hivyo tarehe 11 Aprili 2012 akaipeleka saa yake mpya, Pebble, kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, kuomba dola 100,000. Kiasi hicho kilitimia ndani ya saa mbili hivi. Mchango ulipofungwa mwezi Mei, watu 68,929 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 10.

Fedha zilizoombwa zililingana na bei ya saa kama 1,000 tu. Sasa ikabidi zitengenezwe makumi ya maelfu, na ahadi ya Septemba 2012 ikasogea hadi Januari 2013.

Itazame saa yenyewe. Mwili ni wa plastiki, na kioo ni cheusi na cheupe, nukta 144 kwa 168. Kioo hicho kinatumia mwanga wa nje badala ya kujimulika, kwa hiyo jua la saa sita mchana, linalozima simu nyingi machoni, ndilo linalokifanya kisomeke vizuri zaidi. Usiku unatikisa mkono kidogo, taa inawaka. Kushoto kuna kitufe kimoja cha kurudi nyuma, kulia vitatu: cha juu, cha kati na cha chini. Hakuna kugusa kioo, na hiyo ni faida. Mwendesha baiskeli aliyevaa glavu anabadilisha wimbo bila kuangalia, na mpishi mwenye mikono ya unga anaona ni nani aliyeandika. Ujumbe ukiingia, saa inatetema na maneno yanatokea papo hapo. Maji haikuyaogopa, hata kuogelea nayo uliweza. Betri iliahidiwa kudumu siku saba. Apple Watch ilipokuja Aprili 2015, ililazimika kuchajiwa karibu kila usiku.

Udhaifu wake ulitoka palepale ulipotoka ubora wake. Msaidizi hutegemea anayemsaidia, na simu hazikuwa mali ya Pebble. Siku za mwanzoni kwenye iPhone, Bluetooth ikikatika, mwenye saa alilazimika kuingia kwenye mipangilio ya simu, azime arifa za programu moja moja kisha aziwashe upya, ndipo zifike mkononi. Nafuu ilikuja baada ya Apple kutoa mfumo wa simu wa iOS 7 mwaka 2013. Kujibu ujumbe wa iMessage kutoka kwenye saa hakukuwezekana, kwa sababu Apple haikuufungua mlango huo. Kumbukumbu nayo ilikuwa finyu: programu na nyuso za saa zisizidi nane kwa wakati mmoja, na programu ipewe kilobaiti 24 tu. Waya wa kuchajia ulikuwa wa aina yake, ukipotea hakuna wa kuazima kwa jirani. Tena saa kadhaa za toleo la kwanza zilipata ugonjwa wa kioo kuchanika mistari hadi maandishi yasisomeke.

Mwaka 2015 Pebble Time, yenye rangi 64 na kipaza sauti, ilichangiwa zaidi ya dola milioni 20. Kwa nje ilionekana kampuni imesimama imara. Lakini Apple walikuwa wameshaingia sokoni, na Desemba 2016 Pebble ikatangaza kufunga, teknolojia yake ikinunuliwa na Fitbit. Waliokuwa wakisubiri saa iliyofuata, Pebble Time 2, walirudishiwa fedha zao. Tarehe 30 Juni 2018 seva zikazimwa, na duka la programu pamoja na huduma ya kuandika kwa sauti vikaondoka nazo. Hapo ukaonekana utegemezi wa pili, ambao wanunuzi wengi hawakuufikiria: saa nzima mkononi, lakini sehemu ya akili yake iko kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kundi la kujitolea liitwalo Rebble lilianzisha seva zake, na kwa kazi hiyo linastahili heshima kubwa kuliko linayopewa.

Google iliyoinunua Fitbit ilitoa hadharani msimbo wa PebbleOS, mfumo ulioendesha saa hizo, Januari 2025. Miezi miwili baadaye Migicovsky akatangaza saa mpya mbili, moja ikiwa bado na kioo cheusi na cheupe, betri ikilengwa kudumu siku 30. Mwezi huohuo aliwaonya wateja wa iPhone kwamba kutuma ujumbe kutoka kwenye saa hizo bado hakutawezekana.