Ndege Ndogo Zilizowafunza Wakubwa

Somo hili lilisomwa katika redio. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima waweze kulisoma polepole, pamoja na mwalimu wao au peke yao.

Maneno ya somo hili
Kiunzi: mifupa ya kitu kinachojengwa, kabla ya kufunikwa.
Kipokezi: mtambo mdogo unaopokea mawimbi ya redio.
Mataruma: mbavu za jahazi au chombo kingine cha baharini.
Mfano: kitu kidogo kilichotengenezwa kwa umbo la kikubwa.
Rafadha: panka la ndege, linalozunguka na kuiendesha.

Hamjambo, ndugu wasikilizaji, nanyi mtakaoyasoma maneno haya baadaye? Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho watu wengi hukicheka wakikiona mara ya kwanza. Husema, “Hiki si kitu cha watoto?” Lakini aliyekitengeneza ni mtu mzima mwenye mvi, naye amekifanyia kazi miaka miwili. Ni ndege yenye mabawa ya mita mbili na robo. Ina injini ya petroli. Inaruka bila mtu ndani yake, nayo huongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini. Umbo lake ni la ndege ya vita ya Waingereza iliyoitwa Spitfire.

Kwa nini mtu mzima ajisumbue namna hiyo? Ili tupate jibu, inatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 150.

1. Mchezo ulitangulia

Ninyi mmewaona watoto wakitazama gari barabarani, kisha wakienda kutengeneza la kwao kwa waya na makopo. Hapo kikubwa hutangulia, na kidogo hufuata. Katika habari ya ndege, mambo yalikuwa kinyume. Kidogo ndicho kilichotangulia.

Mwaka 1871 kijana mmoja wa Kifaransa, Alphonse Pénaud, mwenye umri wa miaka 21, alitengeneza ndege ndogo ya kubebeka mkononi. Haikuwa na injini. Alisokota mpira, na mpira ule ulipojisokotoa ulizungusha rafadha. Katika bustani moja ya mji wa Paris, mbele ya watu, ndege ile iliruka kwa sekunde 11. Haikuyumba, kwa sababu Pénaud aliiwekea mkia wa kuituliza.

Mwaka 1878, huko Marekani, baba mmoja aliwaletea wanawe wawili kitu cha kuchezea kilichofuata mawazo ya Pénaud. Nacho kilirushwa kwa mpira uliosokotwa. Watoto hao ni Wilbur Wright, mwenye miaka 11, na ndugu yake Orville, mwenye miaka 7. Walikichezea mpaka kikavunjika, wakatengeneza vingine. Kisha wakajaribu kutengeneza vikubwa zaidi, nao wakaona ajabu: kadiri walivyoongeza ukubwa, ndivyo vilivyokataa kuruka vizuri. Walipokuwa watu wazima waliijua sababu. Ukizidisha urefu wa chombo cha namna ile mara mbili, kinahitaji nguvu mara nane. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao wawili waliruka kwa ndege yao yenye injini. Safari ya kwanza ilichukua sekunde 12, yaani sekunde moja tu kuizidi ndege ndogo ya Pénaud. Basi mmeona. Mchezo ulikuwa mwalimu.

2. Redio yashika usukani

Sauti hii mnayoisikia inafika kwenu kwa mawimbi ambayo hayaonekani kwa macho. Mawimbi hayo hayo yanaweza kuchukua amri badala ya sauti. Mwaka 1898, katika mji wa New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo majini ambayo haikuguswa na mtu wala kufungwa kamba. Alipotuma mawimbi, mashua iligeuka.

Kuiongoza ndege ni kazi ngumu kuliko kuiongoza mashua, maana ndege haingoji. Mashua ikikosa amri huelea. Ndege ikikosa amri huanguka. Tena mitambo ya redio ya zamani ilikuwa mizito. Hata hivyo, mwaka 1937, mapacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao ya redio waliyoiita Big Guff. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa karibu mita mbili na nusu. Mwaka 1938 ilishinda katika mashindano ya nchi nzima. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Katika miaka ile na mingi iliyofuata, mitambo mingi ilikuwa na kidude kimoja tu cha kubonyeza. Ukibonyeza mara ya kwanza, usukani hugeuka kulia. Ukiachia, hurudi katikati. Ukibonyeza tena, hugeuka kushoto. Basi ilimpasa mrushaji akumbuke siku zote alibonyeza upande gani mara ya mwisho. Akisahau, anataka kulia, ndege inakwenda kushoto. Kazi ya miezi mingi iliweza kuvunjika kwa sababu ya kusahau kitu kimoja. Baadaye ilikuja mitambo iliyo bora: ukisogeza kijiti kidogo, usukani husogea kidogo, ukikisogeza sana, nao husogea sana.

3. Kosa la macho

Sasa tuje kwenye vita. Spitfire ilichorwa na kundi la mafundi wakiongozwa na R. J. Mitchell. Iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Mitchell alikufa mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 42, kabla hajaiona ikiingia vitani. Zilitengenezwa zaidi ya Spitfire 20,000.

Uingereza iliingia vitani tarehe 3 Septemba 1939. Siku tatu baadaye ilitoka habari kwamba adui anakuja kwa ndege. Habari hiyo haikuwa kweli. Spitfire zilipaa, na marubani wake wakaona ndege mbele yao. Walidhani ni za Wajerumani. Kumbe zilikuwa Hurricane, ndege za Waingereza wenzao. Walizipiga mbili zikaanguka. Rubani mmoja alipona. Wa pili, Montague Hulton-Harrop, alikufa. Aliuawa na watu wa upande wake.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Ndege mbili zinakaribiana upesi sana. Rubani ana nukta chache tu za kuamua, huyu ni ndugu au ni adui. Hawezi kusoma maandishi wala kuuliza jina. Analoweza kulisoma ni umbo: bawa limekaaje, pua ina urefu gani, mkia ukoje. Asiyejua kusoma umbo hilo anaweza kumwua ndugu yake.

Kwa ajili hiyo, mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano ya ndege 500,000, za adui na za rafiki. Kila mfano ulikuwa sehemu moja ya 72 ya ndege yenyewe. Ulipakwa rangi nyeusi, ili mtu autambue kwa umbo lake tu. Askari walifundishwa kwa mifano ile. Mtoto aliyechonga bawa vibaya angemfundisha askari uongo. Kwa hiyo mifano ilipimwa kwa uangalifu, na ile mibaya ilikataliwa. Kazi iliyoitwa mchezo sasa ilikuwa inalinda uhai wa watu.

4. Sanduku la mbao

Sasa turudi kwa yule mtu mwenye mvi. Amenunua sanduku la vipande vya Spitfire, kwa kipimo cha sehemu moja ya tano. Akilifungua, hapati ndege. Anapata mbao nyembamba, vyuma vidogo, na ramani kubwa ya karatasi.

Mbao nyingi ni za mti uitwao balsa, ambao hutoka zaidi Ekuado, nchi ya Amerika ya Kusini. Balsa ni mwepesi mno. Pande la mvule lenye ukubwa ule ule huushinda kwa uzito zaidi ya mara tatu. Msidhani kwamba ni mti wa kuchezea tu. Katika vita vile Waingereza walikuwa na ndege kubwa iliyoitwa Mosquito, na mwili wake ulikuwa wa balsa katikati ya mbao nyembamba ngumu.

Fundi huitandaza ramani juu ya meza iliyonyooka kabisa. Juu yake huweka karatasi ya plastiki, gundi isije ikashika ramani. Kisha huanza kusimamisha mbavu za bawa, moja moja, na kuzishikiza kwa pini. Watu wa pwani wangeitambua kazi hii upesi, maana ni kama kusimamisha mataruma ya jahazi. Bawa la Spitfire ni la mviringo, limechongoka kama jani, kwa hiyo katika kila bawa hakuna mbavu mbili zilizo sawa. Kila ubavu una namba yake. Ukibadilisha namba 6 na namba 7, bawa limeharibika.

Kiunzi kikiisha hufunikwa kwa mbao nyembamba, kisha kitambaa chepesi chenye gundi, kisha msasa, kisha rangi. Katika kazi yote hii adui mkubwa ni kupinda. Bawa moja likipinda kidogo tu, jicho huenda lisione, lakini hewa itaona. Ndege itajilaza upande mmoja kila inapopaa.

Sasa tufanye hesabu, na hapa ndipo tunapolirudia lile jambo la akina Wright. Mabawa ya Spitfire yenyewe yana mita 11.23. Gawanya kwa 5: unapata karibu mita 2.25. Hiyo ni rahisi. Je, uzito? Spitfire za kwanza, zikiwa tayari kwa vita, zilikuwa na uzito wa karibu kilo 2,600. Usigawanye kwa 5 peke yake, maana mfano umepunguzwa urefu, na upana, na kimo. Gawanya kwa 5, kisha kwa 5, kisha kwa 5 tena, yaani kwa 125. Unapata karibu kilo 21. Hata hizo ni nyingi. Fundi mwema hujitahidi isizidi kilo 10 au 12, ili iweze kutua polepole. Kwa ndege ya uzito huo injini ya sentimita za ujazo 50 au 60 inatosha, yaani kama nusu ya injini ya pikipiki ndogo.

Mwisho kuna mizani. Pua ya Spitfire ni fupi kwa mfano wa redio, na mkia uko mbali, kwa hiyo mkia huwa mzito. Basi fundi aliyetoa jasho miaka miwili akipunguza uzito, sasa hutia risasi puani kwa mkono wake mwenyewe! Asipofanya hivyo, ndege itainua pua, itakosa mwendo, na kuanguka.

5. Siku ya kurusha

Kwanza warushaji husimama nyuma ya ndege wakati injini inapowashwa, kwa sababu rafadha inaweza kukata vidole. Tena hawarushi juu ya watu.

Zamani ilikuwapo hatari nyingine. Mnajua jinsi stesheni mbili zikikutana mahali pamoja katika redio yenu, sauti huchanganyika. Vivyo hivyo, watu wawili wakitumia njia moja ya mawimbi, kipokezi kilichomo ndani ya ndege huchanganyikiwa. Kwa hiyo uwanjani uliwekwa ubao wenye vibanio, kila njia kibanio chake. Asiye na kibanio hakuruhusiwa kuwasha mtambo wake. Mtu mmoja mwenye haraka aliweza kuiangusha ndege ya mwenzake bila hata kuigusa. Katika miaka ya 2000 ilienea mitambo mipya inayotafuta yenyewe njia iliyo tupu, na kila kipokezi huitikia mtambo wake tu.

Ndege inapaa. Ikirudi kutua, kazi ni ngumu, maana magurudumu ya Spitfire yamekaribiana mno, na ndege hupenda kulalia bawa. Marubani wa mwaka 1940 walilijua tatizo hilo. Kosa la mkubwa limerithiwa na mdogo.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Mwaka 1940 watu karibu 3,000 waliruka katika vita vya angani vya kuilinda Uingereza. Mwezi wa Machi 2025 alikufa John Hemingway, rubani wa mwisho aliyejulikana kuwa hai kati yao. Hakuna tena wa kuulizwa. Vitabu vipo, na Spitfire chache bado zinaruka. Lakini aliyeunganisha bawa lile ubavu kwa ubavu, na aliyehangaika na magurudumu yale, amejifunza kwa mikono yake jambo ambalo wale waliolijua hawawezi tena kumweleza.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

Maswali
1. Ndege ya Pénaud iliendeshwa kwa nguvu ya kitu gani?
2. Kwa nini mifano ya mwaka 1942 ilipakwa rangi nyeusi?
3. Vibanio vya uwanjani vilikuwa na kazi gani?
4. Ndege ina mabawa ya mita 12. Fundi anataka mfano wa sehemu moja ya sita. Mabawa ya mfano yatakuwa na mita ngapi?
5. Taja kazi moja unayoijua ambayo kosa dogo huharibu kitu chote. Iandike kwa sentensi tano.