Nani Aliyetenda?

Msomaji kijana, twaa daftari uandike habari za mji wa Eldoret. Yamkini utaanza hivi: "Mji ulianzishwa, ukapewa jina, kisha reli ikafika." Sarufi haina kosa. Lakini soma tena, ujiulize: nani aliyetenda? Kitenzi cha kutendwa chaweza kumficha mtendaji, na historia isiyo na mtendaji ni nusu ya habari.

Basi mrudishe kwa neno dogo "na". Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ulioongozwa na van Rensburg, ulifika katika nyanda za Uasin Gishu. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64. Hesabu hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyotoholewa na wenyeji ikawa Sisibo. Mwaka 1912 mji ulipewa jina la Eldoret na serikali ya kikoloni. Reli nayo "ilifika" mwaka 1924. Lakini reli haina miguu, ilijengwa kwa jasho la vibarua Waafrika.

Tena vitenzi havifanani. Ukiandika kwamba Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, "alikufa" mwaka 1905, msomaji atadhani ni maradhi. Andika kwamba aliuawa na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, tarehe 19 Oktoba, katika mkutano alioitiwa kwa jina la amani. Wala usiandike "alifiwa" kwa kudhani kuwa ndiko kutendwa kwa "kufa". Afiwaye ni yule anayebaki na msiba: Wanandi ndio waliofiwa na kiongozi wao.

Vivyo hivyo, pima "walihama" na "walihamishwa". Ahamaye huondoka kwa hiari yake au kwa shida zake. Ahamishwaye huondolewa na mwingine. Baada ya vita vya 1905 na 1906, Wanandi waliokaa karibu na reli walihamishwa na Waingereza. Na upinzani wao haukuvunjika wenyewe kama chungu kilichoanguka. Ulivunjwa kwa bunduki.

Kwa hiyo, kila uandikapo habari za kale, kichunguze kitenzi chako kabla ya kuweka nukta. Ikiwa mtendaji anajulikana, mtaje bila kuogopa. Waliotendewa wamekwisha kupoteza ardhi na ndugu. Wasipoteze na ushahidi kwa uzembe wa kalamu yako.