Watu wa Mawe wa Ziwa Turkana

Msomaji, likitajwa kaburi la kale, aghalabu fikira zako huenda Misri, kwenye piramidi ya Farao Khufu iliyojengwa yapata miaka 4,500 iliyopita. Una haki ya kustaajabu, maana mwaka 2023 wataalamu walithibitisha kuwa ndani yake umo ujia wa mita 9 hivi uliokuwa haujulikani. Lakini je, wajua kwamba kutoka hapa Isiolo huna haja ya kuvuka mpaka ili uone maziara ya zama zizo hizo?

Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam, wafugaji wa kwanza wa nchi ile walianza kujenga miaka 5,000 hivi iliyopita. Wakati huo mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Walitengeneza jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, wakachimba shimo kubwa katikati, wakazika humo wafu wao kwa karne kadhaa. Hatimaye walilijaza shimo, wakalifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo, nyingine zikitoka mwendo wa kilomita moja. Waturkana huziita nguzo za namna hii Namoratunga, yaani watu wa mawe.

Wachimbaji waliotangaza habari hizi mwaka 2018 walikadiria kwamba humo wamelala watu 580 au zaidi. Sehemu kubwa haijaguswa bado. Sasa linganisha: Khufu alijengewa mlima mzima kwa ajili yake, Lothagam walilazwa pamoja wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno 405 ya panya wa jangwani. Dalili ya mfalme hapana.

Basi tujifunze nini? Ukame unapotujia leo, Mborana, Msamburu, Mturkana na Msomali hugombania kisima. Wale wa kale, malisho yao yalipopungua, walikutana wakabeba mawe pamoja.

Nawe ukikuta fungu la mawe machungani, usilibomoe kwa kutafuta mali wala kujengea boma. Jiwe likiisha kuondolewa mahali pake, halina tena habari ya kutusimulia.