Mkubwa anapomngoja mdogo: historia fupi ya vipaumbele vya nyuzi

Wasomaji wangu, sisi waandika programu tukiona uzi mmoja wa kazi unachelewa, hukimbilia kuupandishia kipaumbele. Leo napenda tutazame historia ya namba hizo, maana zina mtego wa siku nyingi.

Mtego huo ulielezwa mwaka 1980 na Butler Lampson na David Redell wa Xerox, walipoandika juu ya lugha ya Mesa. Sisi wa Matuga tunaweza kuuona bila kompyuta. Tuseme ambulensi imetoka Kwale, imefika Likoni, na ina haki ya kupanda feri kwanza. Mbele yake kuna mkokoteni. Mkokoteni hausogei, kwa sababu umati wa waenda kwa miguu unaupita kila upande nao hauna cheo cha kuuzuia. Basi ambulensi inangoja watu wasio na haraka yoyote. Katika programu, mkokoteni ni uzi mdogo ulioshika kufuli. Umati ni nyuzi za kati, ambazo hata hazilihitaji kufuli hilo.

Mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walichapisha dawa: uzi mdogo urithi kipaumbele cha mkubwa unaoungoja, hadi uachie kufuli. Yaani umati usimame, mkokoteni usukumwe kwa haraka ya ambulensi.

Hata hivyo, tarehe 4 Julai 1997 chombo cha NASA, Mars Pathfinder, kilitua Mirihi, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Uzi mdogo wa habari za hali ya hewa ulishika kufuli, uzi mkubwa wa kusambaza data ukaungoja, nyuzi za kati zikapita. Ukaguzi wa ratiba ulipokuta kazi haijaisha, uliamuru mashine iwashwe upya, na shughuli zilizobaki za siku hiyo zikalala hadi kesho yake. Mfumo wake, VxWorks, ulikuwa na urithi huo tayari, ila kwa kufuli lile ulikuwa umezimwa. Wahandisi waliiga tatizo hapa duniani, kisha wakauwasha kutoka huku.

Linux iliupata mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18, kwa programu zinazouomba. Java nayo ina ngazi 1 hadi 10, lakini kwenye Linux, HotSpot huzipuuza usipobadilisha mipangilio.

Ushauri wangu: kabla ya kupandisha namba, uliza uzi wako unamngoja nani, na huyo ameshika nini.