Wasoma Mawazo Wenye Leseni

Kwenye Babylon 5, ukizaliwa na kipaji cha kusoma mawazo ya wengine, serikali ya dunia inakuwekea njia tatu. Unaweza kujiunga na Psi Corps, shirika la wasoma mawazo, uvae beji na glavu hadi kufa. Unaweza kukataa ukafungwa. Au unaweza kukubali kudungwa dawa ya kukizima kipaji, dawa ambayo polepole inamzima na mtu mwenyewe. Mamake Susan Ivanova, yule afisa wa pili kwa ukubwa kituoni, alichagua dawa. Mwishowe akajiua.

Kipindi hiki kilianza kuonyeshwa Marekani 1993 kikaisha 1998, kwa hivyo wengi wetu tulikifikia kwa kuchelewa, kwa flashi iliyopita mikono mingi. Kila nikikitaja kwa marafiki zangu Nairobi mjadala huwa ni ule ule: kwani si watu wako na haki ya kuwaogopa? Ungependa jirani ajue nambari yako ya siri ya M-Pesa bila hata kukuuliza? Swali ni halali. Na kipindi kinalirahisisha, kwa sababu ndani yake uwezo huo ni wa kweli na Bester, yule askari wa Psi Corps anayeigizwa na Walter Koenig, ni mtu hatari kabisa. (Jina lake limeazimwa kwa mwandishi Alfred Bester, ambaye riwaya yake The Demolished Man ilishashughulika na jamii ya wasoma mawazo miaka ya 50.)

Lakini hebu iweke Babylon 5 kando ya Star Trek: The Next Generation. Deanna Troi, ambaye mamake anatoka sayari ya Betazed, anakaa karibu na nahodha na kumnong'onezea kama adui aliye kwenye skrini anaogopa au anaficha kitu. Hakuna anayemvika glavu. Hakuna anayemkimbia kwenye korido. Troi ni afisa wa meli, basi kipaji chake kinaitwa kazi. Tangu nilipogundua hilo, nimekuwa nikiuliza swali tofauti kila nikitazama hizi stori: huyu anayeogopwa, anamsomea nani hayo mawazo?

Nimelelewa Tongaren, na hilo swali linajibiwa vizuri zaidi kwetu kuliko angani. Ardhi yetu ilikuwa mashamba ya walowezi mpaka wakati wa uhuru, ndipo ikakatwakatwa kuwa skimu za makazi. Kabla ya hapo, mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi huko upande wa Kitale alibeba kipande, karatasi ya usajili ndani ya kijikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Sheria hiyo ilianza kutekelezwa 1920. Beji ya Psi Corps angalau ilikuwa nzuri.

Wabukusu walikuwa na bang'osi, watu waliotazamia yajayo. Anayesimuliwa zaidi ni Mutonyi wa Nabukelembe, ambaye wazee husema alitabiri kuja kwa wazungu kabla hawajaonekana. Mwaka 1895 wazungu wakaja na bunduki, na ngome ya Chetambe ikaanguka, na watu wengi wakafa ndani yake. Kwa hivyo wakati Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka wa sifa na Mkwekeri wa zamani, alipoanza kusema miaka ya 40 kwamba Wele amemwambia wazungu waondoke, watu hawakumsikia kama mwendawazimu. Walimsikia kama mtu wa ukoo wa kazi unaojulikana.

Serikali ilimsikia vingine. Mwaka 1945, baada ya purukushani za kukataa kuandikishwa kazi kwa nguvu, Masinde alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Alipotoka alikusanya watu Chetambe wawakumbuke waliokufa 1895. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, baadaye Marsabit, na hakuachiliwa mpaka uhuru ulipokuwa unabisha hodi.

Sasa nisikilize hapa. Wakati Masinde yuko Mathari, hospitali ilikuwa chini ya daktari aitwaye J. C. Carothers. Huyu daktari aliendelea kuandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, kikachapishwa 1953 na Shirika la Afya Duniani, ambamo alilinganisha namna Mwafrika anavyofikiri na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha ripoti yake nyingine, ya kueleza saikolojia ya Mau Mau. Mtu mmoja anadai kujua yaliyo ndani ya vichwa vya bara zima, na serikali inampa mpiga chapa. Mwingine anadai kusikia sauti moja tu, na anapewa kitanda Mathari. Nikiulizwa nani kati yao alijidai msoma mawazo, sina shaka.

Wakoloni hawakuwa na ugomvi na wabashiri wote. Olonana, oloiboni wa Wamaasai, alishirikiana nao, wakamtambua kuwa chifu mkuu. Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, aliongoza vita dhidi ya reli, na tarehe 19 Oktoba 1905 akaitwa kwenye mazungumzo ya amani. Richard Meinertzhagen akampiga risasi hapo hapo. Fimbo zake zilikaa na familia ya muuaji Uingereza mpaka 2006 ziliporudishwa. Baada ya kifo chake Waingereza walimtambua Kipeles, orkoiyot waliyeona wanaweza kuelewana naye. Ukiitazama hivyo ni Psi Corps tupu: mwenye kipaji aliyesajiliwa anapewa cheo, asiyesajiliwa anawindwa. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa 1923 kabla ya sherehe ya kukabidhiana rika ambayo serikali iliihofia kuwa mwanzo wa uasi. Alikaa chini ya ulinzi takriban miaka 40.

Kilichonishangaza zaidi ni sheria zenyewe. Mwaka 1925 koloni ilipitisha Sheria ya Uchawi, ambayo iliadhibu mtu anayejifanya ana uwezo usio wa kawaida, na anayejitangaza kuwa anaweza kuwatia wengine hofu. Soma hayo maneno tena: anayejifanya. Rasmi, basi, uwezo haupo, ni utapeli tu. Halafu 1934 serikali ile ile ikapitisha sheria nyingine mahsusi ya kuwaondoa maloiboni Kericho. Ukoo wote wa Talai miongoni mwa Wakipsigis, takriban watu 700, wazee kwa watoto, ukahamishiwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, kwenye mbung'o na malaria. Waliambiwa kuwa viongozi wao wanapanga wizi na kuchochea watu. Lakini mtapeli humfunga yeye peke yake. Huwezi kuhamisha ukoo mzima, mpaka watoto wachanga, kama huamini kwamba kuna kitu kwenye damu.

Hapo ndipo naona Babylon 5 inatudanganya kidogo, ingawa naipenda. Inatufanya tuamini kwamba uoga wa aina hii unahitaji msoma mawazo wa kweli aanzishe. Talai hawakuhitaji kuingia kwenye kichwa cha DC yeyote. Ilitosha kwamba watu waliwasikiliza wao kabla ya kumsikiliza yeye.

Sitaki kuwapamba. Wafuasi wa Msambwa walichoma makanisa na mashule, na kuna Wakristo wa Bungoma waliokuwa na sababu zao za kufunga milango usiku. Pia ukoo wa Talai uliogopwa na majirani wenyewe kabla ya mzungu kufika. Laana ya orkoiyot haikuwa mzaha. Uoga wa mtaani ulikuwepo, na serikali ikauchukua ikaupa muhuri na lori. Uhuru haukuufuta. Mwaka 1968 serikali yetu wenyewe iliipiga marufuku Dini ya Msambwa tena, na Masinde, aliyesherehekewa kama mpigania uhuru, akarudi kuwa mtu wa kukamatwa kila mara mpaka uzeeni. Alifariki 1987. Inaonekana hata serikali nyeusi haikumhitaji mtu anayeambiwa mambo na Wele bila kupitia ofisini.

Talai walirudishwa kutoka Gwassi mnamo 1962. Ardhi waliyoiacha Kericho ilikuwa imeshashikwa, na sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa majani chai ya makampuni. Wengi wakabaki maskwota katika kaunti ya mababu zao. Mwaka 2022 Talai na Wakipsigis walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Miongoni mwa Talai wapo waliozaliwa kule Gwassi, waliojifunza kutembea wakiwa tayari wamehamishwa kwa kosa la kuona yajayo.