Idhini na Pendekezo: Nani Amemteulia Vitabu Mtoto wa Ufipa?

Historia ya vitabu vya watoto kwa Kiswahili imezoeleka kusimuliwa kupitia waandishi na wachapishaji wake. Makala hii inaitazama kwa upande wa uteuzi: nani alisema kitabu fulani kinamfaa mtoto, na kwa kigezo gani? Hoja yake ni kwamba nchini Tanzania idhini imekuwa na taasisi tangu enzi ya ukoloni, ilhali pendekezo, yaani kauli ya msomaji mzoefu kwa msomaji mchanga, limekosa makao ya kudumu. Kate, wilayani Nkasi, ni mahali pafaapo kuipimia hoja hiyo, kwa kuwa watoto wengi wa Ufipa hukutana na Kiswahili cha vitabuni wakiwa tayari na Kifipa cha nyumbani.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikagua vitabu vya shule na kuviidhinisha. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa pia mfasiri wa Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Haggard. Swali kuu la ukaguzi lilikuwa usanifu wa lugha. Kama mtoto angecheka, angeogopa au angeomba kusoma tena, halikuwa swali la kamati. Katika Ufipa, shule za Wamisionari wa Afrika zilifungamanisha kusoma na katekisimu. Hivyo vigezo viwili, usanifu na imani, vilimtangulia mtoto kwenye rafu.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilianzisha huduma ya maktaba ya taifa, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967. Mkutubi wa watoto ndiye aliyekaribia zaidi kuwa mpendekezaji, lakini maktaba za umma zilijikita mijini. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao uliwanoa waandishi na wachoraji, ukawahakikishia wachapishaji soko kwa kununua sehemu ya nakala, na kuzipeleka shuleni. Mchango huo ni mkubwa. Hata hivyo, mnunuzi hakuwa mtoto wala mzazi, na kitabu kiliweza kufika shuleni bila mtu wa kukinadi. Ithibati ya vitabu vya shule nayo ilikuwa mikononi mwa kamati ya wizara, kisha mwaka 2013 ikahamia Taasisi ya Elimu.

Masimulizi ya Wafipa yanatoa mfano tofauti. Mtambaji huteua hadithi mbele ya hadhira yake: isiyopendwa haiombwi tena, na isiyoombwa hufifia. Huo ni uhakiki wa watoto wenyewe. Roy Willis alichapisha mkusanyo wa sanaa hiyo mwaka 1978, lakini kwa Kiingereza na kwa wanazuoni. Hadithi ikawafikia wasomaji wa Oxford kabla ya kurudi Kate ikiwa kitabu cha mtoto.

Pengo ni kubwa zaidi kwa wasomaji wa miaka 9 hadi 13, waliomaliza vitabu vya picha na hawajafikia tamthiliya na riwaya teule za sekondari. Hata Tuzo ya Burt, iliyowalenga vijana, nchini Tanzania ilitolewa kwa maandiko ya Kiingereza. Mwalimu wa kijijini mwenye fedha za vitabu vichache ana orodha ya vilivyoidhinishwa. Orodha hiyo haimwambii kipi aanze nacho, kwa mtoto yupi, na kwa nini.

Wajibu huo ni wetu pia. Majarida ya Kiswahili huhakiki riwaya na diwani kwa bidii, lakini fasihi ya watoto huachiwa wataalamu wa mitaala. Uhakiki unaopima msuko, picha, ugumu wa msamiati kwa mtoto ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, na umri wa msomaji, ungelipa pendekezo makao lililoyakosa. Idhini humkinga mtoto na kitabu kibaya. Haijawahi kumpa kilicho kizuri.