Haki ya kupata rekodi za polisi nchini Kenya

Haki ya kupata rekodi za polisi nchini Kenya ni haki ya raia kuomba na kupewa taarifa zinazotunzwa na Huduma ya Taifa ya Polisi, au nakala za taarifa hizo. Miongoni mwake ni maandishi ya kitabu cha matukio, ripoti za ajali za barabarani na kumbukumbu za watu waliokamatwa. Msingi wa haki hii ni ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Haki hiyo ina mipaka, lakini afisa anayekataa ombi anatakiwa kutaja sababu inayotambuliwa na sheria.

Aina za rekodi

Kitabu cha matukio

Kitabu cha matukio, kinachojulikana na Wakenya wote kama OB, ndiyo rekodi ya msingi ya kila kituo cha polisi. Utaratibu wake ulirithiwa kutoka kwa polisi wa wakati wa ukoloni wa Kiingereza. Ndani yake huandikwa kila jambo linaloripotiwa au kutendeka kituoni: wizi, kupigana, mtu kupotea, mtu kukamatwa, kuingizwa mahabusu na kutolewa. Kila jambo hupewa namba ya mfululizo wa siku hiyo, ikifuatwa na tarehe. Kwa mfano, namba 21/14/3/2024 ni jambo la ishirini na moja lililoandikwa tarehe 14 Machi 2024. Saa ya tukio huandikwa pia.

Anayeripoti jambo ana haki ya kupewa namba hiyo, na kuipata ni bure. Bila namba ya OB ni vigumu kufuatilia kesi, kwa kuwa maandishi yote yanayofuata huitegemea. Katika miaka ya karibuni polisi wameanza kuhamisha kitabu hiki kwenye kompyuta, lakini namba ya OB imebaki kuwa ufunguo wa kupata taarifa.

Abstrakti ya polisi

Abstrakti ni karatasi rasmi yenye muhtasari wa taarifa iliyoandikwa kituoni, ikiwa na sahihi na mhuri. Hutumika zaidi kwa vitu vilivyopotea, kama kitambulisho, hati ya shamba au cheti cha shule, na kwa ajali za barabarani. Abstrakti ya ajali hutaja magari yaliyohusika, madereva, waliojeruhiwa au kufa, bima ya gari, na kama kuna mtu aliyeshtakiwa au uchunguzi bado unaendelea. Kampuni za bima na mahakama huitaka kabla ya kushughulikia dai la fidia.

Fomu ya P3

P3 ni fomu ya polisi inayojazwa na daktari au afisa wa tiba kuhusu majeraha ya mtu aliyeshambuliwa. Polisi hujaza sehemu ya kwanza, daktari hujaza sehemu ya tiba, kisha fomu hurudishwa kituoni na kuwa ushahidi. Kwa sababu fomu ikisharudishwa hubaki katika jalada la kesi, aliyejeruhiwa hushauriwa kutoa nakala yake mapema.

Cheti cha mwenendo mwema

Cheti hiki hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) baada ya alama za vidole za mwombaji kulinganishwa na rekodi za wahalifu. Huombwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen kwa ada, kisha mwombaji huenda kuchukuliwa alama za vidole. Waajiri wengi hukitaka, na Wakenya wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba hukihitaji pia. Kina utaratibu wake wa pekee, kwa hiyo hakiombwi kwa barua inayoelezwa hapa chini.

Msingi wa kisheria

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Inampa pia kila mtu haki ya kudai kusahihishwa au kufutwa kwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, namba 31 ya mwaka 2016, inaeleza jinsi haki hiyo inavyotekelezwa.

Chini ya kifungu cha 4 cha sheria hiyo, haki ya mwombaji haiathiriwi na sababu anazotoa, wala na kile ambacho ofisi inadhani ndiyo nia yake. Kwa hiyo swali la "unaitakia nini?" halipaswi kuwa kizuizi.

Haki ya kupata habari chini ya ibara ya 35 ni ya raia. Sheria inahesabu pia kampuni na mashirika binafsi yanayodhibitiwa na Wakenya kuwa raia kwa kusudi hili. Mgeni anayetaka taarifa zinazomhusu yeye mwenyewe anaweza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inampa mtu yeyote haki ya kuona data zake binafsi.

Mshtakiwa ana ulinzi zaidi. Ibara ya 50 inataka aelezwe mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake na aweze kuufikia kwa kiasi cha kutosha. Kwa msingi huo hupewa taarifa za mashahidi na hati nyingine za upande wa mashtaka kabla ya kesi kusikilizwa.

Namna ya kuomba

Kwa mambo ya kawaida mwombaji huenda katika kituo kilichopokea taarifa, akiwa na kitambulisho na namba ya OB. Abstrakti mara nyingi hupatikana huko huko. Kituo kingine huwa hakina taarifa hizo. Ajali iliyoripotiwa Voi haitafutwi Mombasa.

Ikiwa kinachotakiwa ni zaidi ya abstrakti, kwa mfano dondoo iliyothibitishwa ya kitabu cha matukio, au ikiwa kituo kimekataa kwa mdomo, ombi hufanywa kwa maandishi:

1. Barua huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Lugha zote mbili zinakubaliwa na sheria.
2. Huelekezwa kwa afisa wa upatikanaji wa habari. Kisheria huyu ni mkuu wa taasisi, yaani Inspekta Jenerali wa Polisi, au afisa aliyekabidhiwa kazi hiyo. Nakala hupelekwa kwa mkuu wa kituo (OCS).
3. Hutaja jina, anwani na simu ya mwombaji, pamoja na namba ya kitambulisho kuonyesha uraia.
4. Hueleza rekodi inayotakiwa kwa usahihi: kituo, tarehe, namba ya OB na majina ya wahusika. Ombi la "dondoo ya OB namba fulani ya tarehe fulani" hujibika kwa urahisi kuliko ombi la "rekodi zote za wizi wa mwaka jana".
5. Hutaja namna mwombaji anavyotaka kupokea habari: kusoma pale ofisini, kupewa nakala, au kupewa nakala iliyothibitishwa kwa matumizi ya mahakama.
6. Nakala ya barua hugongwa mhuri wa kupokelewa na kubaki na mwombaji. Mhuri huo ndio unaoonyesha siku zilianza kuhesabiwa lini.

Mtu asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo. Afisa ana wajibu wa kuliandika na kumpa nakala. Ombi haliwezi kukataliwa kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu maalumu.

Muda na gharama

Ofisi iliyopokea ombi inatakiwa kutoa uamuzi mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya siku 21. Ikiwa habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Hivyo familia inayomtafuta ndugu aliyechukuliwa na polisi hufanya vizuri kuandika wazi katika barua kwamba ombi linahusu uhai na uhuru wake.

Muda wa siku 21 unaweza kuongezwa mara moja, kwa siku zisizozidi 14, ikiwa rekodi ni nyingi sana au kuna haja ya mashauriano. Ikiwa rekodi ziko katika ofisi nyingine, ombi huhamishiwa huko ndani ya siku 5 na mwombaji kujulishwa. Kimya huhesabiwa kuwa jibu: ofisi isipojibu ndani ya muda uliowekwa, ombi linachukuliwa kuwa limekataliwa, na mwombaji anaweza kuendelea na hatua ya rufaa.

Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Ofisi inaweza kutoza gharama halisi za kutoa nakala na kuzituma tu. Askari anayedai "chai" ili atoe rekodi anatenda kosa.

Habari zinazoweza kuzuiwa

Kifungu cha 6 kinaruhusu kuzuia habari ambazo kutolewa kwake kunaweza kudhuru usalama wa taifa, kuvuruga mwenendo wa haki, kuhatarisha maisha ya mtu au kuingilia faragha ya mtu bila sababu ya haki. Kwa upande wa polisi, hii hugusa hasa majina ya watoa habari, maelezo ya waathirika wa ukatili wa kingono, taarifa za watoto, na uchunguzi ambao bado unaendelea.

Hata hivyo, mahakama inaweza kuagiza habari zitolewe ikiwa manufaa ya umma ni makubwa kuliko madhara. Mwombaji anaweza pia kueleza mapema kwamba yuko tayari kupokea nakala ambayo majina ya watu wengine yamefichwa.

Ombi likikataliwa

Anayenyimwa habari anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa. Tume inaweza kuwaita maafisa, kukagua hati na kuagiza habari zitolewe. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume hukata rufaa katika Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Malalamiko kuhusu mwenendo wa askari, kama kukataa kuandika taarifa katika OB au kubadilisha maandishi yake, hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi (IPOA). Ikiwa kesi tayari iko mahakamani, wakili anaweza kuomba hakimu atoe samansi ili afisa alete kitabu chenyewe.

Umuhimu na matatizo

Kuchelewa kwa rekodi kunaweza kumpotezea mtu haki yake kabisa. Dai la fidia kwa uzembe, kama lile la majeruhi wa ajali, linatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Dai la aina hiyo dhidi ya serikali, kwa mfano la kukamatwa kimakosa, lina miezi 12 tu. Mtu anayezungushwa kituoni kwa "njoo kesho" anaweza kujikuta muda umekwisha kabla ya kupata karatasi.

Rekodi pia humlinda mtu aliye mahabusu. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama au katika siku isiyo ya mahakama; hapo hufikishwa siku ya mahakama inayofuata. Saa iliyoandikwa katika OB ndiyo inayoonyesha kama sharti hilo lilitimizwa. Mtu ambaye hakuandikwa popote ni rahisi kukanushwa kwamba aliwahi kushikwa.

Mnamo Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, mambo yasiyolingana na maelezo hayo. IPOA ililiambia Bunge la Seneti kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umevurugwa. Maafisa wa polisi walikuwa miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji. Tukio hilo lilionyesha kwamba haki ya kuona rekodi haitoshi ikiwa rekodi zenyewe hazilindwi.

Katika nchi jirani

Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayohusu Tanzania Bara, ambayo inatoa siku 30 za kujibu ombi la raia. Taarifa ikiandikwa kituoni huko, mlalamikaji hupewa namba ya RB, na fomu ya matibabu ya majeruhi ni PF3. Uganda ina sheria ya mwaka 2005, na muda wake wa kujibu ni siku 21 kama wa Kenya.